Safari ya kwanza ya kuwinda mbogo Tanzania: mwongozo kamili, tangu kuchagua kitalu hadi nyara kufika nyumbani

Anayepanga kuwinda mnyama mkubwa kwa mara ya kwanza mara nyingi huanza na bunduki. Husoma habari za risasi, hubishana na rafiki zake kuhusu darubini, na akishachoka ndipo anapotafuta kampuni, akiichagua kwa picha za pembe na kwa bei. Mwongozo huu unaanza upande mwingine. Unaanza na kitalu, yaani eneo utakalowinda, na mtu atakayetembea mbele yako. Bunduki huazimwa, na pembe hakuna awezaye kukuahidi. Lakini ukishafika kambini ukakuta kitalu kimechoka na kiongozi hajui kazi, huna la kufanya tena.

Nimemfikiria msomaji wa Nairobi, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977 na vizazi vimekua bila kuujua, wa Muscat, wa Toronto au Minneapolis mwenye asili ya huku, na Mtanzania aliyekaa nje miaka mingi. Ninazungumzia uwindaji wa kitalii, ule wa kambi na kiongozi mwenye leseni. Uwindaji wa wenyeji una leseni na taratibu zake, nao siugusi hapa.

Amua mnyama, kisha amua mwezi

Kwa safari ya kwanza ushauri wangu ni nyati dume, au mbogo kama anavyoitwa porini. Yumo kwenye mgawo wa vitalu vingi, yaani idadi ya wanyama wanaoruhusiwa kuwindwa kwa mwaka. Safari yake kwa kawaida ni ya siku 7 hadi 10, wakati simba, chui na tembo wanakupeleka kwenye siku nyingi zaidi, hadi 21, na gharama ya siku hizo zote. Hayumo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo karatasi za kusafirisha pembe zake ni nyepesi kuliko za chui au kiboko. Tena mbogo huwindwa kwa miguu. Chui unaweza kumsubiri karibu na chambo, lakini mbogo unaamka alfajiri, unaokota nyayo zake kwenye maji, na unamfuata hadi alipolala.

Omba leseni yako ibebe pia wanyama wawili watatu wasio hatari: kongoni, swala pala, ngiri. Ukimpiga kongoni vizuri siku ya kwanza, kiongozi wako ameshaona unavyoshika bunduki, na wewe moyo umetulia kabla hujasimama mbele ya mnyama wa kilo 700.

Msimu hufunguliwa tarehe 1 Julai. Wakati huo asubuhi ni baridi na pazuri kutembea, ila kwenye misitu ya miombo nyasi bado ni ndefu, maji yametapakaa kila mahali, na wanyama hawajakusanyika. Agosti na Septemba vidimbwi vinakauka, nyasi zimeungua au zimelala, nyayo zinasomeka. Oktoba joto ni kali, lakini mbogo hawaendi mbali na maji yaliyobaki. Nikipewa nafasi ya kuchagua, nachukua Septemba. Weka nafasi mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kabla, maana wiki nzuri huwahiwa na wateja wanaorudi.

Kitalu

Uwindaji wa kitalii hufanyika ndani ya vitalu, yaani maeneo yaliyowekewa mipaka na kugawiwa kampuni kwa muda maalumu, chini ya TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania. Vimo katika mapori ya akiba kama Selous, Rungwa, Maswa na Moyowosi, katika mapori tengefu, na katika maeneo ya jumuiya za hifadhi zinazoundwa na vijiji. Kwenye hifadhi za taifa hakuna kuwinda. Usitegemee ramani ya zamani wala hadithi za zamani: mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ilikatwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na mahali palipokuwa vitalu maarufu leo ni pa kutazama na kupiga picha tu. Siku hizi pia vitalu hugawiwa kwa mnada wa kielektroniki, kwa hiyo vinabadilisha mikono. Sifa uliyosikia kuhusu kampuni fulani inaweza kuwa ni sifa ya kitalu ambacho haina tena.

Ndiyo maana uliza jina la kitalu kabla ya kuuliza bei. Uliza kama kampuni imekipata kwa jina lake yenyewe au inakuuzia kwa mgongo wa mwingine. Uliza mgawo wa mbogo ni wangapi mwaka huo, na wangapi wameshaahidiwa kwa wateja walio mbele yako. Kisha uliza swali ambalo wengi hawaulizi: nani anafanya doria msimu ukifungwa? Kitalu ambacho magari ya kampuni huingia Julai na kutoweka safari ya mwisho ikiisha, miezi inayobaki ni ya wajangili, na utaiona tofauti hiyo kwenye tabia ya wanyama wenyewe, wanavyokimbia mlio wa gari wakiwa mbali.

Uliza pia vijiji jirani vinapata nini. Usiulize kwa adabu tu. Mkulima aliyeamka akakuta mahindi yake yamekanyagwa na mbogo usiku ana neno kubwa kuliko ofisi yoyote juu ya kama mbogo huyo ataishi hadi uje. Kampuni yenye majibu ya wazi hapa, yenye zahanati, madarasa au mgao wa nyama inaoweza kukutajia kijiji kwa kijiji, huwa pia ndiyo yenye wanyama.

Mwindaji bingwa

Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inamtambua kiongozi wako kama mwindaji bingwa, na lazima awe na leseni yake. Huyu ndiye utakayekula naye, utakayemfuata kwenye kichaka, na atakayeingia mbele yako mnyama akijeruhiwa. Mpigie simu. Usikubali kuzungumza na ofisi ya mauzo peke yake.

Muulize amewinda misimu mingapi katika kitalu hicho hasa, si Tanzania kwa jumla. Omba akuunganishe na wateja wake wa nyuma, na mmoja wao awe aliyerudi bila mbogo. Muulize habari ya mbogo wa mwisho aliyejeruhiwa na mteja wake: waligunduaje, walisubiri muda gani, nani aliingia kwanza, iliishaje. Mwindaji bingwa wa kweli atakueleza bila haraka, na sauti yake itabadilika kidogo. Akikuambia wateja wake hawajawahi kujeruhi mnyama, endelea kutafuta.

Mkubaliane mapema ni lini yeye atapiga. Wapo wateja wanaoweka sharti kwamba asipige hata mnyama akikimbia na jeraha, ili heshima ibaki yao. Kwa mara ya kwanza usifanye hivyo. Mwambie: nikipiga, na wewe ukaona hakupatikana sawasawa na anaelekea kichakani, piga. Hilo linamwokoa mnyama na mateso ya usiku mzima, na linawaokoa wafuata nyayo, wanaotangulia kuangalia damu wakiwa na fimbo tu mkononi.

Nao hao wafuata nyayo ndio utajiri wako mkubwa kama unajua Kiswahili. Mgeni mwingine hupata maelezo yao yakiwa yamepita kwa mtu wa kati, yamefupishwa. Wewe unaweza kuuliza mwenyewe. Mara nyingi anayeongoza ni mtu mzima, hivyo mwamkie: "Shikamoo mzee," hata kama wewe ndiye unayelipa. Usimwite kwa kupiga mluzi, wala usimkatishe anapoinama. Mkisimama kwenye nyayo uliza, "Mzee, hawa wamepita saa ngapi?" Atakuonyesha kinyesi, kama ngozi yake ya juu imeshakauka au bado ina unyevu, atakuonyesha nyasi zilizokanyagwa zinavyoanza kunyanyuka, na alama ya mdudu aliyetembea juu ya unyayo usiku, kwa hiyo unyayo ni wa jana. Asubuhi moja na mtu wa namna hiyo inakufundisha mengi kuliko vitabu.

Fedha na mkataba

Bei inayotangazwa karibu kila mara ni bei ya siku. Kwa mteja mmoja na mwindaji bingwa mmoja, kwa kawaida huvuka dola 1,000 kwa siku. Juu yake kuna ada ya kila mnyama, ada za serikali na leseni, ndege ndogo ya kukupeleka kambini, gharama ya mwenzako asiyewinda, ukodishaji wa bunduki, utayarishaji na usafirishaji wa nyara, na bakshishi. Omba yote kwenye karatasi moja, yajumlishwe, kisha uliza tena: kuna kingine?

Kanuni moja ielewe kabla hujasaini: mnyama ukimjeruhi akapotea, unamlipia kama aliyekufa. Ni haki. Inakufanya uache risasi usiyokuwa na hakika nayo.

Mkataba utaje jina la kitalu, jina la mwindaji bingwa na nini kitatokea akiugua, idadi ya siku za kuwinda bila kuhesabu siku za kusafiri, na utaratibu wa kurudisha fedha kama kitalu kitafungwa au serikali itabadilisha mgawo. Malipo ya awali mara nyingi ni nusu. Usitume kwenye akaunti ya mtu binafsi.

Bakshishi wengi hukadiria asilimia 10 ya gharama ya siku zote. Omba orodha ya watu wa kambi, andaa bahasha, na umpe kila mmoja mkononi: mpishi, dereva, mchunaji, aliyekuwa akichemsha maji ya kuoga. Fungu moja lililokabidhiwa kwa mtu mmoja huwa halifiki lote.

Karatasi na silaha

Kama huna uzoefu wa kusafiri na silaha, kodi bunduki ya kambi. Utaepuka vibali vya nchi unazopitia, na hutabaki uwanja wa ndege ukisubiri sanduku. Ukiamua kuja na yako, kampuni ikuombee kibali cha kuingiza silaha kwa muda, chini ya sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015. Namba ya bunduki ilingane kwenye kila karatasi, herufi kwa herufi. Mashirika ya ndege hutaka bunduki ndani ya sanduku gumu lenye kufuli, na risasi zipakiwe kando, zisizidi kilo 5. Uliza kila nchi utakayobadilishia ndege kama inataka kibali cha kupitisha silaha. Zipo zinazotaka hata kama hutoki nje ya uwanja. Anayetoka Marekani apitie kwanza kwa maofisa wa forodha na bunduki yake apate fomu namba 4457, la sivyo kuirudisha kutakuwa na maswali.

Anayekuja kutoka Kenya au Uganda abebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Nguo za mabakamabaka ya kijeshi ziache nyumbani, kwani raia hawaruhusiwi kuzivaa Tanzania. Mifuko ya plastiki nayo ilipigwa marufuku mwaka 2019.

Na wewe wa Kenya: kabla ya yote waulize KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, kama utaruhusiwa kuingiza nyara, upate jibu la maandishi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2013 haimhurumii anayekutwa na nyara bila kibali, hata kama aliwinda kihalali nchi jirani. Jibu likichelewa, panga kurudi na picha, pembe zibaki.

Mazoezi

Kwa mbogo, bunduki ya kipimo cha .375 ndiyo ya chini kabisa unayopaswa kushika. Risasi yake ya kawaida ina uzito wa gramu 19 na kitu, na kishindo chake mtu mzima anaweza kukizoea. Kubwa zaidi, kama .416, ni nzuri kwa anayeimudu. Anayefumba macho kabla ya kufyatua hafai kupewa kubwa. Darubini iwe ya kukuza kidogo, inayoanzia mara 1 au 2, kwa sababu mbogo wengi hupigwa ndani ya mita 100, mara nyingi chini ya 60, kwenye vichaka.

Acha meza ya uwanja wa shabaha. Porini hakuna meza. Fanya mazoezi ukiwa umesimama, bunduki imeegemea fimbo tatu zilizofungwa juu, maana ndivyo utakavyopiga. Piga kwa mita 50, sukuma risasi ya pili ndani bila kushusha bunduki begani, piga tena. Rudia hadi mkono ufanye bila kuambiwa. Kisha kimbia kidogo, upandishe pumzi, upige hivyohivyo. Kama huna silaha nyumbani, tafuta klabu ya shabaha yenye sheria, au angalau zoea fimbo na bunduki tupu chini ya usimamizi wa anayejua.

Jifunze mahali pa kulenga. Mbogo akisimama ubavu, fuata mguu wa mbele kwenda juu hadi theluthi moja ya kimo cha mwili wake. Hapo ndipo moyo na mishipa yake mikubwa ilipo. Wengi hulenga juu mno, kwa kuwa mwili ni mkubwa na macho yanavutwa katikati. Tazama picha nyingi za mbogo aliyekaa pembeni, aliyegeuka nusu, aliyefichwa na jani, na kila mara jiulize: mguu uko wapi?

Mwili na begi

Anza kutembea miezi minne au mitano kabla, kwa viatu vilevile utakavyovaa. Siku ya mbogo yaweza kuwa kilomita 10 au 15 juani, na hatua za mwisho ni za kuinama au kutambaa.

Ndege ndogo hupokea mfuko laini wa kilo 15 hivi. Nguo mbili tatu zinatosha, zinafuliwa kila siku. Rangi iwe ya udongo au kijani kilichofifia. Nyeusi na bluu iliyoiva huvuta ndorobo, na ndorobo wa Moyowosi au Selous hapiti nguo yenye rangi hiyo. Anza dawa za kuzuia malaria kwa ushauri wa daktari. Nunua bima ya kuokolewa kwa ndege, kama ile ya AMREF Flying Doctors, na uhakikishe kambi ina simu ya setilaiti na mkanda wa kuzuia damu ndani ya gari, usiachwe kambini.

Porini

Siku ya kufika utapiga risasi chache kwenye shabaha. Ni lazima, hata kama bunduki ilikuwa sawa nyumbani. Askari wa wanyamapori atakuwepo safari nzima. Anaandika kila mnyama kwenye kibali, na haruhusu kupiga kutoka kwenye gari wala usiku. Mheshimu. Yuko hapo kwa niaba ya wenye mnyama.

Mtaanza kwenye maji, asubuhi, kutafuta nyayo za madume wawili watatu walioacha kundi. Mzee atapuliza majivu kutoka kwenye kifuko kidogo kila mara, kuangalia upepo. Upepo ukigeuka, mtarudi nyuma na kuzunguka, pengine saa nzima, na pengine mtawasikia tu wakivunja miti wanapokimbia. Usilalamike. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, na siku nyingi huishia hapo.

Mkimwona dume, mwindaji bingwa ataangalia zaidi ya upana wa pembe. Anaangalia mahali zinapokutana juu ya paji. Kwa dume kijana pale katikati bado pana ulaini na manyoya. Kwa aliyekomaa ni pagumu kama jiwe, pamechakaa. Aliyekomaa ameshazaa, na kuondoka kwake hakupunguzi kundi. Pembe pana juu ya paji laini ni za mbogo anayepaswa kuachwa, na kiongozi akikuambia "huyu hapana" wakati moyo wako umeshajaa, shusha bunduki bila kuuliza. Muulize baadaye, kando ya moto wa kambi.

Akisema "huyo", jibu ni risasi moja yenye hakika, kisha nyingine mara moja, hata kama unadhani ya kwanza imetosha. Endelea hadi akuambie basi. Baadaye mtasimama kimya, mkisikiliza. Mbogo anayekufa mara nyingi hutoa mlio mrefu wa huzuni, lakini usiutegemee peke yake. Mtasubiri, kisha mtamkaribia kwa nyuma, na kiongozi atamgusa jicho kwa ncha ya mtutu. Hakuna anayepita mbele ya bunduki kabla ya hapo.

Nyama, nyara na karatasi za mwisho

Suala la kuchinja lizungumze kabla, kwani wafanyakazi wengi wa kambi ni Waislamu, na huenda na wewe pia. Kwa swala au kongoni, mmoja wao hukimbia na kisu. Ukitaka kuhifadhi ngozi ya shingo, mwombe akate juu karibu na taya au mkubaliane ngozi si muhimu. Mimi ningechagua nyama iliwe na watu wote. Kwa mbogo ni vigumu, maana hakuna ruhusa ya kumsogelea akiwa bado na uhai. Muislamu anayefyatua asome Bismillahi kwanza, na kila mmoja afuate anachoamini kuhusu nyama hiyo.

Nyama yake ni nyingi kuliko kambi inavyoweza kula. Omba uende nayo kijijini siku ya kuigawa, kama utaratibu wa eneo unaruhusu. Usitie hata kipande kikavu kwenye begi lako bila karatasi. Mnyama wa porini na kila sehemu yake ni mali ya serikali mpaka kibali kiseme vinginevyo, na kesi ya kukutwa na nyara za serikali si kesi ndogo.

Kabla ya kuondoka kambini hakikisha fuvu na ngozi vimewekewa chumvi na kufungwa kibandiko chenye jina lako na namba ya leseni. Hakikisha kibali kimesainiwa na askari, na uchukue nakala. Nyara zitapitia ukaguzi wa mifugo, kibali cha kusafirisha nje na wakala wa mizigo, kwa hiyo hesabu miezi kadhaa. Muulize mtengeneza nyara wa nyumbani kwako, kabla ya mzigo kutoka, karatasi zipi za afya ya mifugo nchi yako inadai, kwa sababu masharti ya nyati hufanana na ya ng'ombe. Sanduku likifika, linganisha kila kibandiko na nakala ya leseni mbele ya wakala, kisha ndipo usaini.